Kazi Iliyojulikana kwa Kusimamishwa

Mwaka 1941, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto na hospitali zikijifunza kuhifadhi damu ya kuwaongezea majeruhi, John Harris wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alichapisha uchunguzi kuhusu jambo lililowatatiza wahifadhi wa damu. Damu iliyokaa siku kadhaa kwenye jokofu ilikuwa inavujisha potasiamu. Chembe nyekundu zilikuwa nzima, hazijapasuka, lakini potasiamu iliyokuwa ndani yake ilitoka polepole ikaingia kwenye majimaji ya damu, na sodiamu ikaingia mahali pake. Harris aliitoa damu hiyo kwenye baridi na kuipasha hadi joto la mwili, nyuzi 37, ikiwa na sukari ya glukosi. Potasiamu ikaanza kurudi. Ilitoka nje, ilikokuwa kidogo, ikaingia ndani, ilikokuwa nyingi. Vitu vikiachwa vyenyewe havifanyi hivyo. Chumvi iliyotiwa majini husambaa mpaka ilingane kila mahali, na haijikusanyi tena upande mmoja bila kitu cha kuisukuma.

Ndani ya tukio hilo dogo mlikuwa na swali lililowashughulisha wanafiziolojia kwa karibu karne nzima. Katika mwili wa binadamu, potasiamu iliyo ndani ya seli ni takriban mara 30 ya ile iliyo nje, na sodiamu iliyo nje ni zaidi ya mara 10 ya ile iliyo ndani. Utando unaotenganisha pande hizo mbili ni mwembamba mno, tabaka mbili tu za mafuta zenye protini zilizopachikwa humo. Tofauti kubwa kiasi hicho inadumuje maisha yote? Vitabu vya shule vya leo hujibu kwa mchoro mmoja: protini imekaa katikati ya utando, ayoni tatu za sodiamu zinatoka, mbili za potasiamu zinaingia, na molekuli moja ya ATP, chanzo cha nishati ya seli, inatumika kulipia kazi. Mchoro huo ni sahihi, ila unaficha jinsi ujuzi wenyewe ulivyopatikana. Hoja yangu ni kwamba pampu hii iligunduliwa hasa na watu walioisimamisha. Waliisimamisha kwa baridi, kisha kwa kuinyima nishati, na mwishowe kwa sumu ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki walikuwa wakiipika kwa ajili ya mishale yao kabla ya maabara yoyote kuijua.

Kwa muda mrefu jibu lililopendwa lilikuwa ukuta. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alikwisha kuonyesha mwaka 1847 kwamba nyama ina potasiamu nyingi na damu ina sodiamu nyingi, na maelezo mepesi yalikuwa kwamba kitu fulani kinazizuia zisichanganyike. Mwaka 1902 Ernest Overton, Mwingereza aliyefanya kazi Uswisi na Ujerumani, aliligusa tatizo kwa undani kuliko wote waliomtangulia. Aliona kwamba msuli wa chura uliowekwa kwenye maji ya sukari yasiyo na sodiamu huacha kujikunja, na ukirudishiwa sodiamu huamka. Akakisia kwamba kila msuli unapojikunja, sodiamu kidogo huingia na potasiamu kidogo hutoka. Kisha akajiuliza swali ambalo naliona kuwa mlango wa historia hii yote. Moyo wa mtu aliyeishi miaka 70 umekwisha kudunda mara bilioni 2.4 hivi. Kama kila pigo hubadilishana chumvi, mbona misuli ya mzee haijaishiwa potasiamu? Lazima kuwe na kitu kinachorudisha. Overton hakukijua kitu hicho, akaliacha swali hapo. Mwaka huohuo Julius Bernstein alitoa nadharia kwamba utando hupitisha potasiamu peke yake, na nadharia hiyo ikashika kwa sababu ilieleza umeme wa neva bila kudai kazi yoyote ya ziada. Hata mwaka 1941 Boyle na Conway wa Dublin walipiga hesabu nzuri sana ya msuli wa chura iliyosimama juu ya dhana kwamba sodiamu haipiti kabisa. Ukuta ulikuwa na mvuto wake, kwa maana kitu kisichopita hakihitaji kutolewa.

Kilichouangusha ni mionzi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, mashine za siklotroni zilikuwa zinatengeneza sodiamu na potasiamu zenye mionzi, na kwa mara ya kwanza mtafiti aliweza kuifuata chumvi fulani njia nzima bila kuichanganya na ile iliyokuwapo tangu mwanzo. Leon Heppel wa Rochester, Marekani, aliwalisha panya chakula chenye upungufu wa potasiamu na kukuta kwamba misuli yao imepoteza potasiamu na kupokea sodiamu. Sodiamu ile ambayo hesabu zilidai haipiti ilikuwa inapita. Burr Steinbach akaonyesha mwaka 1940 kwamba msuli wa chura uliokwisha kujaa sodiamu unaweza kuitoa na kurudisha potasiamu yake. Mwaka 1941, mwaka uleule wa Harris na wa Boyle na Conway, Robert Dean aliandika wazi kwamba haisaidii tena kutafuta ukuta: sodiamu inaingia muda wote, kwa hiyo lazima kuwe na pampu inayoitoa muda wote.

Mabaharia wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa sana tofauti hii. Hakuna jahazi la mbao lisilovuja. Maji hujikusanya kwenye ngama, na mtu huyafua kwa upo au kwa ndoo, mchana na usiku, safari nzima. Anayelitazama jahazi kwa mbali atadhani linaelea kwa sababu mbao zimekaa sawasawa na kalafati imeshika. Ukitaka kujua ni nini hasa kinacholiweka juu ya maji, mwambie yule anayefua aache. Baridi ya jokofu la Iowa ilifanya hivyo hasa. Utando haukuharibika. Mfuaji maji alilala, na joto pamoja na sukari vilipomwamsha, akaendelea na kazi yake.

Hapa kuna pingamizi la haki, nalo linatoka Copenhagen. August Krogh, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alishangazwa na wanyama wa maji baridi. Chura huishi kwenye maji yasiyo na chumvi karibu kabisa, na bado huivuta chumvi hiyo kidogo kupitia ngozi yake na kuiingiza mwilini. Katika mhadhara wake wa London mwaka 1946, Krogh alisisitiza kwamba tofauti za chumvi zinazoonekana katika viumbe hai haziwezi kuelezwa kama mizani iliyotulia, na kwamba zinadumishwa kwa nishati. Mwanafunzi na msaidizi wake, Hans Ussing, ndiye aliyeleta ushahidi. Alitandaza ngozi ya chura kati ya vyumba viwili vya maji yenye chumvi sawa kabisa, akaondoa tofauti ya umeme kati ya pande hizo kwa waya na betri, kisha akapima. Hakukuwa na kilima cha chumvi wala cha umeme cha kuiteremsha sodiamu, lakini sodiamu ilikuwa inatoka upande wa nje kuelekea wa ndani bila kukoma. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Zerahn walionyesha kwamba umeme wote uliopita kwenye waya ulilingana na sodiamu iliyovuka. Mtu anaweza kusema basi kwamba Ussing aliipima pampu ikifanya kazi bila kuisimamisha, na hoja yangu imeanguka. Sikubali kwamba imeanguka, ila nakubali inahitaji kunyooshwa. Ussing alisimamisha kila kitu kingine. Aliondoa kila nguvu ambayo ingeweza kuisogeza sodiamu bure, na kilichobaki kikawa kazi tupu. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba kazi ipo, na maneno ya usafirishaji unaotumia nishati yakapata maana inayopimika. Alichoshindwa kusema ni nani anayeifanya. Ngozi ya chura ni tishu nzima yenye maelfu ya protini, na kipimo chake hakikuwa na njia ya kumwonyesha mmoja kati yao.

Kunyima nishati nako kulifika mbali, kisha kukakwama palepale. Mwaka 1955 Alan Hodgkin na Richard Keynes walichapisha majaribio yao juu ya neva nene za dome, ndugu wa ngisi. Neva hizo ni nene kiasi kwamba zinaonekana kwa macho na kushikika kwa koleo. Waliijaza neva sodiamu yenye mionzi, wakaitazama ikiitoa, kisha wakaongeza dinitrofenoli, kemikali inayozuia seli kutengeneza ATP. Utoaji wa sodiamu ukashuka mpaka ukakaribia kukoma. Walipoisuuza neva, ukarudi. Sianidi ilifanya vivyo hivyo. Jambo la kuvutia ni kwamba neva iliyotiwa sumu hiyo iliendelea kupeleka ishara kwa muda mrefu. Ishara yenyewe haimtegemei mfuaji maji papo hapo; hutumia akiba aliyokwisha kuiweka. Huko Hungaria, György Gárdos alikuwa amefika upande wa pili wa jambo hilohilo mwaka 1954. Chembe nyekundu zilizomwagwa vilivyomo ndani na kubaki maganda ziliweza kukusanya potasiamu tena zikipewa ATP. Hata hivyo msomaji makini ataona udhaifu. Ukizima umeme wa mji mzima na kinu kikasimama, umejua kwamba kinu kinatumia umeme, lakini hujajua kinu ni kipi wala kiko nyumba gani. Dinitrofenoli na sianidi huizimia seli kila kitu. Ilihitajika sumu inayomgusa mfanyakazi mmoja tu na kuwaacha wengine wote waendelee.

Sumu hiyo ilikuwapo. Kuanzia Somalia na Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na kusini zaidi kunaota miti ya jenasi ya Acokanthera, yenye majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Kwa Kiswahili huitwa msunguti. Wagiriama, Wakamba, Waata na wengine wengi wamekuwa wakikatakata mbao, magome na mizizi yake na kuvichemsha kwa saa nyingi mpaka vibaki utomvu mweusi mzito kama lami. Utomvu huo hupakwa kwenye mshale chini ya kigumba, kisha huvishwa ukanda wa ngozi usikauke wala usimdhuru aliyeubeba. Mnyama aliyechomwa hafi kwa jeraha. Hufa kwa moyo kusimama, na nyama yake huliwa, kwa kuwa sumu hii hupenya kwa shida sana kupitia utumbo. Huo ni ujuzi wa dawa uliokamilika: jinsi ya kuitoa, kiasi cha kupaka, njia inayoua na njia isiyoua.

Wazungu waliufikia ujuzi huo kwa mlango wa nyuma. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone katika bonde la Zambezi, ambaye baadaye alikaa Zanzibar miaka mingi kama balozi mdogo wa Uingereza, aliweka sumu ya mishale ya huko, iliyoitwa kombe, mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, na baadaye akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kombe hutokana na mmea mwingine, Strophanthus, lakini kemia yake ni ya ukoo mmoja na ya msunguti. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza na kutoa humo strofanthini, ikawa dawa ya moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alisafisha fuwele kutoka mbao za Acokanthera zilizotoka nchi ya Wasomali, na akazipa jina kutokana na neno la Kisomali la mti huo, waabaayo. Kwa maandishi ya Kifaransa likawa ouabaïne. Dunia nzima ya sayansi leo husema ouabain. Arnaud aliikuta pia katika mbegu za Strophanthus gratus kutoka Gabon, na chupa nyingi zilizofika maabara baadaye zilijazwa kutoka mmea huo wa magharibi. Hilo halibadilishi asili ya jina, wala ukweli kwamba fuwele za kwanza zilitoka kwenye mti wa wawindaji wa upande wetu.

Kwa miaka 65 hakuna aliyejua sumu hizi zinagusa nini. Zilijulikana kuwa zinaukaza moyo zikiwa kidogo na kuusimamisha zikiwa nyingi, kama dawa ya mmea wa digitalisi ambayo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Ndipo mwaka 1953 Hans Jürg Schatzmann wa Uswisi alipozitia dawa za ukoo huu kwenye chembe nyekundu zilizotoka kwenye baridi, zile ambazo Harris aliziona zikirudisha potasiamu. Safari hii joto lilikuwapo na glukosi ilikuwapo, chembe ziliendelea kuitumia sukari kama kawaida, lakini potasiamu haikurudi na sodiamu haikutoka. Mji ulikuwa na umeme, vinu vingine vyote vilikuwa vinazunguka, na kimoja tu kilikuwa kimesimama. Nadhani hakuna jaribio lililobana zaidi katika historia hii nzima, na inasikitisha kwamba lilichapishwa kwa Kijerumani katika jarida ambalo wengi hawakulisoma.

Mmoja wa wasiolisoma alikuwa Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Skou, aliyezaliwa Lemvig mwaka 1918, alikuwa daktari aliyejifunza upasuaji, na hakuwa anaitafuta pampu. Alitaka kujua dawa za ganzi zinafanyaje kazi, akahitaji kimeng'enya kinachokaa kwenye utando wa neva ili aone kama ganzi inakigusa. Alichagua neva za miguu ya kaa wa pwani, kwa kuwa kaa walipatikana kwa wavuvi. Alizisaga, akachukua vipande vya utando, akakuta humo kimeng'enya kinachovunja ATP. Magnesiamu peke yake ilikiamsha kidogo. Sodiamu ilikiongeza kasi. Potasiamu ilipotiwa juu ya sodiamu, kasi ikaruka. Kimeng'enya kinachovunja chanzo cha nishati ya seli, kinachokaa kwenye utando, kinachozitaka chumvi mbili zilezile zinazovushwa: mtu aliyekaa na tatizo la Overton angeruka kwa furaha. Skou aliandika kwa uangalifu mkubwa. Makala yake ya mwaka 1957 ilizungumzia athari za ayoni kwa kimeng'enya cha neva, na neno pampu halikuwekwa kwenye kichwa chake. Hakuwa na uhakika wa kutosha, na nampa heshima kwa hilo.

Uhakika ulikuja mwaka 1958 kwenye mkutano wa biokemia mjini Vienna. Robert Post, Mmarekani aliyefanya kazi juu ya chembe nyekundu na ambaye pamoja na mwenzake Jolly alikuwa amepima mwaka uliotangulia kwamba sodiamu tatu hutoka kwa kila potasiamu mbili zinazoingia, alikutana na Skou akasikia habari za kimeng'enya cha kaa. Post aliuliza kama ouabain inakizuia. Skou hakuijua ouabain ni kitu gani. Alipoelezwa kazi ya Schatzmann, alipiga simu maabara kwake Aarhus jaribio lifanywe. Jibu likarudi kwamba inakizuia. Kwa simu moja, sumu ya mshale iliunganisha vitu viwili vilivyokuwa vimekaa mbalimbali: kazi iliyopimwa katika damu, na protini iliyosagwa kutoka mguu wa kaa. Kilichosimamisha kimoja kilisimamisha kingine. Baada ya hapo neno pampu halikuhitaji tena kuogopwa.

Sasa lazima nilijibu pingamizi zito kuliko lile la Ussing. Kusimamisha kitu kunaonyesha kwamba kitu kile kinahitajika. Hakuonyeshi peke yake kwamba ndicho kinachofanya kazi. Ukimfunga mikono nahodha jahazi litapotea, lakini si nahodha anayesukuma tanga. Pengine ouabain inagusa protini ambayo pampu halisi inaitegemea tu. Pingamizi hili lilijibiwa kwa njia mbili, na zote zilikwenda mbele ya sumu. Kwanza, katikati ya miaka ya 1960 watafiti Garrahan na Glynn walipanga chumvi za ndani na nje ya maganda ya chembe nyekundu ili mteremko uwe mkali sana kuelekea upande wa kurudi nyuma. Sodiamu ikaingia, potasiamu ikatoka, na ATP ikatengenezwa badala ya kutumika, na ouabain ilizuia hilo pia. Mtambo unaoweza kuendeshwa kinyumenyume na kurudisha malipo yake ni mtambo wenyewe, hauwezi kuwa msimamizi wa jirani. Pili, katikati ya miaka ya 1970 protini hiyo ilisafishwa, kutoka figo za mbwa na kutoka tezi ya papa mdogo inayotoa chumvi, ikawekwa peke yake kwenye vipovu vya mafuta vilivyotengenezwa maabara. Vipovu hivyo havikuwa na kiini, wala chembe nyingine yoyote ya uhai. Vilipopewa ATP, vilisafirisha sodiamu na potasiamu.

Ushahidi huohuo ndio unaomjibu Gilbert Ling, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa wazo zima la pampu kwa miongo kadhaa. Ling alidai kwamba potasiamu hukaa ndani ya seli kwa sababu protini na maji ya ndani huishika na kuikataa sodiamu, na kwamba hakuna kinachosukumwa. Silaha yake ilikuwa hesabu: alichukua msuli wa chura, akauzima kwa sumu na baridi, akapima sodiamu iliyotoka, na kudai kwamba nishati iliyohitajika ilizidi mara nyingi ile iliyokuwapo. Haikuwa hoja ya kupuuzwa. Lakini ilihesabu kila sodiamu iliyotoka kama iliyosukumwa, ilhali Ussing mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba sehemu ya msafara huo hubadilishana moja kwa moja, ayoni inatoka na nyingine inaingia, bila gharama ya aina hiyo. Isitoshe, mwaka 1961 Baker, Hodgkin na Shaw walikamua karibu uji wote wa ndani wa neva nene ya ngisi, kama mtu anavyokamua dawa ya meno, wakaujaza utando mtupu maji ya chumvi ya potasiamu. Neva iliendelea kupeleka ishara. Kama protini za ndani ndizo zinazoshika chumvi, neva hiyo ingekuwa maiti. Ling alikufa bila kukubali, lakini kwa ushahidi uliopo hukumu ni kwamba alikosea.

Gharama ya kazi hii ni kubwa. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya sehemu moja ya tano na sehemu moja ya tatu ya nishati ya mwili uliopumzika hulipia pampu hii peke yake, na katika ubongo sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Faida yake ni akiba ambayo mitambo mingine ya seli huitumia kuvusha vitu vingine. Robert Crane alieleza Prague mwaka 1960 kwamba utumbo huivuta glukosi kwa kuiunganisha na sodiamu inayoteremka kuingia seli, huku pampu ya upande wa pili ikiitoa sodiamu hiyo mteremko usiishe. Kipindupindu hakiiharibu njia hiyo. Kwa sababu hiyo maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi hunyonywa hata mgonjwa anapoharisha vibaya. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis alitumia maji hayo na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi asilimia 3.6. Kila pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari hiyo, inayokorogwa kwenye zahanati ya kijijini leo inaendeshwa na mfuaji maji yuleyule wa Dean.

Na sumu inaua vipi? Pampu za moyo zikisimama, sodiamu hujaa ndani ya seli, na mtambo mwingine unaotegemea mteremko wa sodiamu kutoa kalsiamu hulegea. Kalsiamu ikizidi kidogo moyo hupiga kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo dawa. Ikizidi sana mpigo hupotea, na hapo ndipo mnyama aliyechomwa mshale hufia. Atatokea wa kusema kwamba wawindaji hawakuijua sodiamu, kwa hiyo hawana sehemu katika ugunduzi huu. Ni kweli hawakuijua. Lakini Schatzmann na Post walifika mahali ambapo kitu pekee kilichokosekana kilikuwa sumu inayomchagua mfanyakazi mmoja kati ya maelfu, na uchaguzi huo ulikwisha kufanywa porini, na watu waliojaribu miti mingi na kubaki na michache. Hawakuwa peke yao. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mwanazoolojia mzaliwa wa Tanzania, na wenzake walionyesha kwamba panya mwenye shungi wa Afrika Mashariki hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni, manyoya yenye vitundu vinavyofyonza kama utambi. Mbwa anayemwuma huugua au hufa. Panya mwenyewe hadhuriki.

Skou alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1997, nusu nyingine ikaenda kwa Paul Boyer na John Walker kwa kazi yao juu ya mtambo unaotengeneza ATP. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, watafiti wa chuo chake hichohicho cha Aarhus walichapisha umbo la pampu yenyewe, iliyotolewa kwenye figo la nguruwe, naye alikuwa hai kuliona. Alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 99. Picha zilizofuata zimeonyesha hata tundu ambamo ouabain huingia na kukwama, upande wa nje wa utando. Nawaomba walimu wa biolojia wa Kenya na Tanzania: mnapochora pampu hiyo ubaoni, na sodiamu zake tatu na potasiamu zake mbili, andikeni kando ya tundu hilo jina la msunguti, na mwaambie wanafunzi mti huo unapatikana wapi karibu nao.